Picha mbaya, megapikseli zipo: tuanzie wapi kutafuta?

“Simu iliyopiga ni ya megapikseli 108, mwanangu, kwa hiyo usije ukaniambia habari za ukungu.”

“Sawa mama. Fremu ni ya ukubwa gani?”

“Inchi 24 kwa 18. Nimeshainunua Majengo, ipo kwenye bajaji hapo nje.”

Ilikuwa picha ya bintiye, joho na kofia, amekaa kwenye ngazi siku ya mahafali Chuo Kikuu cha Dodoma. Nikafungua taarifa za faili: pikseli 1600 kwa 1200. Zidisha, unapata megapikseli 1.9. Mpigaji alikuwa mpwa wake. Picha ikarushwa kwenye grupu la familia la WhatsApp, na mama akaipakua huko.

Kazi yangu ni kupiga na kusafisha picha hapa mjini, na karibu kila anayefika mezani na picha mbaya anakuja na hukumu tayari: kamera ina megapikseli chache. Mara moja moja ni kweli. Mara nyingi pikseli zilikuwepo zikapotea njiani, au zipo zote lakini zimehesabu ukungu. Ndiyo maana siulizi kamera ni ya ngapi. Naomba faili, natazama ni pikseli ngapi kwa ngapi, halafu ndipo tunaanza kuongea.

Nikisema sensa humu simaanishi ile ya Agosti 2022, japo kazi zinafanana. Sensa ya kamera ni kibamba nyuma ya lenzi chenye mamilioni ya makarani, kila mmoja amepewa nyumba moja ahesabu mwanga unaoingia. Karani mmoja ni pikseli moja. Makarani milioni moja ni megapikseli moja. Wengi wakiwa makini na mwanga ukiwa wa kutosha, ripoti inakuwa nzuri. Wakiwa wengi lakini wamefika nyumba zikiwa gizani, au mlango unayumba wakati wanahesabu, wingi wao hausaidii kitu.

Kwenye simu ni safi, ikisafishwa kubwa inavunjika

Gawa pikseli za upana kwa inchi za karatasi. Picha ya mama: 1600 kwa 24, ni pikseli 67 kwa kila inchi. Zinatosha? Inategemea macho yatakuwa umbali gani. Jicho zima linatenganisha takriban nukta 300 kwa inchi ukishika picha sentimita 30 kutoka usoni, kama 90 ukiwa mita moja, na kama 30 ukiwa mita tatu. Kwa hiyo albamu ya mkononi inataka 300, picha ya sebuleni inaridhika na 150, na bango la barabarani linapita na 50 bila mtu kulalamika. Faili la megapikseli 24, yaani 6000 kwa 4000, linatoa bango la upana wa mita tatu likiwa na pikseli 51 kwa inchi. Watu wanashangaa wakisikia bango linahitaji pikseli chache kuliko albamu, mpaka nikiwatoa nje na kuwasogeza hatua kumi.

Ile 67 ya mama ingeonekana sawa ukiwa umesimama mlangoni. Lakini picha ya mahafali haitazamwi mlangoni. Shangazi wote watailetea pua. Tena faili la WhatsApp halikupunguzwa pikseli tu, limebanwa pia, na mbano ule unaacha vimiraba kwenye ngozi na anga hata pikseli zinapotosha.

Wakosaji, kwa mpangilio ninaowakamata: picha iliyorushwa WhatsApp kama picha ya kawaida, picha ya kioo cha simu, yaani mtu amefungua picha akapiga skrini, picha iliyopakuliwa kutoka mtandao wa kijamii, kamera iliyowekwa ukubwa wa S, yaani faili dogo, kwenye menyu, labda na mtoto, labda na fundi, na mwenyewe hajui mpaka harusi imeisha. Wa mwisho ndiye anayeumiza, kwa sababu pikseli zake hazikuwahi kuandikwa popote. Wengine wanarekebishika. Mtafute aliyepiga, akutumie upya kama hati badala ya picha, au alete memori kadi, au waya. Ile HD ya WhatsApp iliyokuja mwaka 2023 ni afadhali, ila nayo inabana.

Usihangaike na namba 72 inayoonekana kwenye programu za kuediti. Ni lebo tu ya kuiambia printa ieneze pikseli kwa upana gani; ibadilishe iwe 300 na picha haiongezeki hata punje moja. Programu za kukuza picha kwa akili mnemba zinaongeza kweli, lakini zinaongeza kwa kubuni. Kwenye majani ya mti hakuna atakayejua. Kwenye uso wa mtu nimeona kope ambazo mwenyewe hakuzaliwa nazo.

Mpwa alikuwa bado na picha halisi, 4000 kwa 3000. Gawa kwa 24, unapata 167. Tukaisafisha. Mama akaitazama kwa utulivu mrefu, halafu akasema: “Sasa naona mpaka kibandiko cha bei kwenye soli ya kiatu.”

Simu ni ya 108, mbona faili ni la 12?

Hilo ndilo swali la pili la mama, na si ubovu. Sensa ya aina hiyo ina pikseli zenye upana wa mikroni 0.8, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karani mwenye nyumba ndogo hivyo anahesabu mwanga kidogo mno. Kwa hiyo simu inawaunganisha tisa tisa watoe jibu moja: 108 gawa kwa 9, ni 12. Zile za megapikseli 50 huunganisha wanne wanne, unapata 12.5. Jibu la pamoja lina makosa machache, hasa mwanga ukipungua.

Ukitaka zote 108 kuna sehemu ya kuwasha kwenye programu ya kamera. Ijaribu mwenyewe: bandika ukurasa wa gazeti ukutani kwenye jua, simama mita mbili, piga mara mbili, moja ya 12 na moja ya 108, kisha kuza hadi herufi ndogo. Zikisomeka zaidi kwenye ile kubwa, umepata faida. Rudia jioni taa zikiwashwa, na mara nyingi faida imeyeyuka.

Jaribio hilohilo linafichua vikamera vya bei ya chini vinavyoandikwa megapikseli 48 juu ya boksi huku ndani kuna sensa ya pikseli chache, pikseli nyingine zote zimejazwa kwa hesabu. Herufi hazisomeki zaidi hata ukiongeza namba kwenye menyu. Nilinunua kimoja. Mwanangu anakichezea.

Pikseli zipo, ukali haupo

Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa, kwa sababu wananunua kamera mpya na ugonjwa unahamia nayo. Faili ni 6000 kwa 4000, kamera haina neno, picha laini kama imepakwa mafuta. Usitazame wingi, tazama ukungu umekaaje.

Ukungu ukiwa na mwelekeo, kitu kilisogea. Tafuta nukta ya mwanga, mfano mng’ao kwenye jicho au hereni; ikiwa imegeuka kijistari, umeshapata. Vijistari vikielekea upande mmoja picha nzima, mkono wako ulitikisika. Ardhi ikiwa safi na mtu ndiye aliyeburuzika, yeye ndiye alisogea. Chukua akina mama wa Kigogo wanapopiga muheme: mkono unashuka kwenye ngoma, tuseme kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Umepiga kundi zima, upana wa mita 4, kwa kamera ya pikseli 6000 upande, kwa hiyo kila mita imechukua pikseli 1500. Shata, yaani mlango wa kamera unaofunguka kupitisha mwanga, ikiwa ya 1/125 ya sekunde inafunga mkono ukiwa umesafiri milimita 16, sawa na pikseli 24. Hakuna megapikseli itakayokurudishia vidole hivyo. Panda 1/500, mburuzo unashuka hadi pikseli 6. Ungekuwa na kamera ya megapikseli 12 mkono ungeburuzika pikseli 16 tu, namba ndogo, lakini ukisafisha kwa ukubwa uleule ni ukungu uleule. Kamera yenye pikseli nyingi inauchora ukungu kwa ufasaha zaidi.

Kwa mtikisiko wa mkono wazee wa kazi wanasema shata isishuke chini ya moja kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 200, shata 1/200. Kanuni hiyo ni ya enzi za filamu. Kwa kamera za megapikseli nyingi, mimi naizidisha mara mbili, yaani 1/400.

Ukungu usio na mwelekeo, lakini kuna kitu kingine ni kikali: fokasi imeangukia pengine. Kipaza sauti kinasomeka mpaka chapa yake, uso wa mheshimiwa umefifia. Kamera iliachiwa ichague yenyewe, ikachagua kilicho karibu. Weka nukta moja ya fokasi, iweke kwenye jicho.

Katikati safi, pembeni maji: hiyo ni lenzi. Lenzi zinazokuja na kamera boksini hazichukii kazi, ila zikifunguliwa mpaka mwisho pembe zake huchoka, na sensa ya pikseli nyingi inalitangaza jambo hilo. Funga tundu, yaani uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga, hatua mbili, mfano kutoka f/4 hadi f/8; namba ikikua, tundu linapungua. Picha nzima ikiwa kama imemwagiwa maziwa, taa zina miduara ya mwanga, futa kioo. Kwenye simu ni alama ya kidole, na nimewafutia watu wengi kwa kitambaa laini cha pamba, wakaondoka bila kutoa shilingi. Kwenye kamera, chunguza kile kioo cha kinga cha bei poa kilichofungwa mbele ya lenzi. Kitoe, piga tena.

Kila kitu laini sawasawa, hakuna mwelekeo, hakuna pembe iliyo bora: angalia namba ya tundu. Mtu aliambiwa tundu dogo ndilo linaleta ukali mbele mpaka nyuma, akaenda f/22. Mwanga ukipenya tundu dogo unatawanyika, na nukta inafika kwenye sensa ikiwa duara. Kwa f/22 duara hilo lina takriban mikroni 30. Kwa kamera ya megapikseli 24 yenye sensa ya ukubwa wa kati, ile inayoitwa APS-C, pikseli moja ni mikroni 3.9. Nukta moja imeenea pikseli zaidi ya saba upana. Kwa f/8 ni chini ya tatu. Mimi nikiwa juani siendi zaidi ya f/11 bila sababu.

La mwisho ni la kwetu huku nchi kavu. Umejibanza kusubiri treni ya SGR itokee mbali, saa saba mchana, Oktoba, lenzi ya milimita 300. Picha zote zinaonekana kama zimepigwa kupitia maji, na kila moja imepinda kivyake. Hayo ni mazigazi: hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini inaupinda mwanga kabla haujaifikia kamera. Shata ya 1/2000 haisaidii, lenzi ya mamilioni haisaidii. Nenda saa moja asubuhi, au sogea karibu.

Kuna na wagonjwa wasioumwa. Mtu anafungua faili la megapikseli 24 kwenye kompyuta, anakuza asilimia 100, anaona vidoti, roho inamtoka. Skrini ya 1920 kwa 1080 inaonyesha chini ya sehemu moja ya kumi ya faili hilo. Kwenye skrini ya inchi 24 ni sawa na kuinamia picha ya upana wa zaidi ya mita moja na nusu. Ukilinganisha kamera mbili namna hiyo, yenye pikseli nyingi inaonewa, kwa kuwa umeisogelea zaidi. Zilinganishe kwa ukubwa mmoja wa karatasi.

Mchana haina tatizo, kwenye sendofu ni chengachenga

Makarani wamefika usiku. Kila mmoja amehesabu mwanga kiduchu, na hesabu ya vitu vichache huyumba: jirani mmoja anasema 9, mwingine 14, wakati ukuta ni mweupe uleule. Myumbo huo ndio chenga. Kupandisha ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kwa mwanga, hakuongezi mwanga. Ni kumwambia karani apaze sauti, na makosa yake yanapazwa pamoja naye.

Hapa lawama inageuka. Wanasema megapikseli zikizidi ndizo zinaleta chenga. Ukikuza asilimia 100, ndiyo, pikseli ndogo ina chenga zaidi. Lakini sensa mbili za eneo sawa na teknolojia ya wakati mmoja, picha zikisafishwa kwa ukubwa mmoja, tofauti ni ndogo sana, kwa sababu mwanga wote uliokusanywa ni uleule. Kinachobeba uzito ni eneo. Sensa kubwa ya fulifremu ni milimita 36 kwa 24, jumla milimita za mraba 864. APS-C ni kama 23.5 kwa 15.6, ambayo ni 367. Simu, hata ile ya 108, ni kama 10 kwa 7. Basi usiku ukumbini kamera ya zamani ya megapikseli 12 yenye sensa kubwa inaweza kuiaibisha simu mpya, bila uchawi wowote.

Kabla ya kununua sensa kubwa, nunua lenzi yenye tundu pana. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 ni miongoni mwa zile za bei nafuu, na inaingiza mwanga karibu mara 10 ya lenzi ya boksini ikiwa f/5.6. Flashi uirushe kwenye dari nyeupe, isimpige mtu usoni. Lakini kama sherehe ipo chini ya turubai la bluu, usirushe juu: wageni wote watatoka bluu, bibi harusi akiwa wa kwanza. Ile hali ya usiku ya simu hupiga picha kadhaa na kuzijumlisha; kwa keki iliyotulia ni nzuri, kwa watu wanaoserebuka inakupa mizimu.

Vidoa vya kijivu angani, kila picha palepale

Vumbi limekaa juu ya sensa. Kwa Dodoma, kuanzia Juni mpaka mvua zianze, hili si suala la uzembe, ni hali ya hewa. Vidoa vinajitokeza ukifunga tundu, f/16 kuendelea, na vinafichika ukifungua. Hivyo mtu anadhani vimepona. Kupima: piga anga tupu kwa f/16. Puliza kwa pampu ya mpira kamera ikiwa imeinamishwa, kamwe si kwa mdomo, maana mate yakikauka pale ni kazi ya fundi. Kubadili lenzi, zima kamera, ingia ndani ya gari, vioo juu. Nimebadilisha mara moja nikiwa nimesimama kando ya shamba la mizabibu upepo ukivuma. Wiki nzima nilikuwa nafuta vidoa kwenye kompyuta.

Suti ina mawimbi ya rangi ambayo fundi hakuyashona

Karani mmoja anaulizwa rangi moja tu: nusu yao wanahesabu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpangilio huo alibuni Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ni ya mwaka 1976, na kamera nyingi bado zinautumia. Rangi zinazokosekana zinakisiwa kutoka kwa majirani. Nyuzi za kitambaa zikiwa na upana unaokaribiana na pikseli, makisio yanachanganyikiwa na mawimbi yanatokea. Sogea hatua moja mbele au nyuma, au badili pembe. Kwenye kompyuta kuyaondoa ni mateso.

Lini kweli ni megapikseli

Umekaa nyuma kabisa ya ukumbi unavuta kwa zuumu ya simu isiyo na lenzi ya kuvuta. Zuumu hiyo ni kukata tu: mara mbili inabakiza robo ya pikseli, mara nne inabakiza moja ya kumi na sita. Kutoka 12 unabaki na 0.75. Hapo pikseli nyingi zingekufaa, ingawa kusogea mbele ni bure.

Ukinunua, kumbuka megapikseli ni eneo. Kutoka 12 kwenda 24 upana wa picha unaongezeka mara 1.4 tu, kuupata mara mbili lazima ufike 48. Kwa paspoti, mahafali na harusi, anayetoka 20 kwenda 24 sijui anakwenda wapi.

Mahali ambapo mimi mwenyewe nilizihitaji ni Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mistari ni myembamba, rangi nyekundu iliyofifia juu ya jiwe lenye nyufa zake, na anayeichunguza anataka kukuza mpaka aone ufa unaishia wapi na mchoro unaanzia wapi. Kamera yangu ni ya 24. Niliweka tripodi, f/8, ISO 100, nikapiga vipande vinne, viwili juu na viwili chini, kila kimoja kikipanda juu ya mwenzake kwa theluthi. Programu ya kompyuta iliviunganisha vikawa pikseli 10,000 kwa 6,667 hivi, karibu megapikseli 67. Fokasi na mwanga viweke kwa mkono ili visibadilike kati ya kipande na kipande, fanya haraka kabla kivuli cha mwamba hakijasogea, na usikubali mtu amwagie mchoro maji eti rangi ziive.